Mchuma Umesoma Farasi 340 Kwa Daino? Usianze Kuringa, Soma Karatasi Kwanza

Wasee wa michuma, hii ni yenu. Ushaona hizo video: Subaru imefungwa mikanda juu ya rola, feni kubwa iko mbele, dere anakanyaga mpaka ukuta unatetemeka, halafu skrini inasema farasi 340. Mbogi inapiga nduru. Wiki ikiisha hio gari iko sokoni na bei imeongezwa laki mbili, ati juu "iko na karatasi ya daino".

Hio karatasi inaweza kuwa ya ukweli. Inaweza pia kuwa ya uongo. Na mara nyingi ni namba ya ukweli yenye imepikwa kidogo, halafu ikasomwa vibaya. Kama unanunua gari, ama unataka kumwaga savings zako zote kwa tuni, lazima ujue uko na gani. Hauhitaji kuwa makanika. Hesabu za darasa la saba zinatosha.

Anza na kalkuleta ya simu

Kuna kitu wengi hawajui: toki, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, na farasi si vitu viwili tofauti. Moja inatoka kwa nyingine. Chagua sehemu moja kwa grafu. Chukua toki kwa Nm, zidisha na mizunguko ya injini kwa dakika, halafu gawanya kwa 7,120. Jibu ni farasi.

Tuseme grafu inaonyesha Nm 380 kwa mizunguko 5,000. Piga: 380 mara 5,000, gawa kwa 7,120. Unapata kama 267. Sasa kama hapo hapo kwa 5,000 karatasi inasema farasi 320, hio karatasi inajipinga yenyewe. Huenda farasi zimeandikwa za injini na toki ya magurudumu, ama moja imeongezewa na ingine ikaachwa. Vyovyote vile, muulize fundi kabla utoe doh.

Chunga tu usichanganye kilele cha toki na kilele cha farasi, juu huwa zinafika juu kwa mizunguko tofauti. Na ukiona toki ya Nm 1,500 kwa gari ya kawaida, usishtuke. Hio ni toki ya magurudumu kabla igawanywe na gia. Injini haijageuka trela.

Farasi za wapi?

Rola inagusa magurudumu, haigusi injini. Kati ya hizo mbili kuna giaboksi, shafti na difu, na kila moja inakula kitu. Namba ya kiwandani ni ya injini, namba ya rola ni ya magurudumu. Kwa hivyo gari ya 4WD ikisoma chini ya brosha, si lazima injini iwe imechoka.

Daino zingine zinajaribu kukisia farasi za injini. Kuna zenye zinaongeza asilimia fulani tu, 15, 20 ama 25, kulingana na roho ya mwenye mashine. Zingine zinapima hasara: dere akimaliza kukanyaga anaachilia, anakata klachi, rola zinapunguza mwendo zenyewe na mashine inahesabu ni nguvu ngapi inapotea. Hii njia ni poa, lakini iko na shimo. Dere akigusa breki hapo, rola zitasimama haraka, mashine itadhani giaboksi inakula sana, na itaongeza hio hasara kwa farasi za injini. Yaani mguu kwa breki unakupatia injini kali. Kwa karatasi.

Kuna pia mambo ya vipimo. Magari ya Japani huandikwa PS, na PS ni ndogo kidogo kuliko farasi ya Mwingereza. PS 280 ni kilowati 206, ama farasi 276. Na hio 280 yenyewe iko na story: kuanzia 1989 hadi 2004, kampuni za magari za Japani zilikuwa zimekubaliana kutotangaza zaidi ya hapo. Kwa hivyo kuna magari ya enzi hio zenye zilitoa kuliko zilivyoandikwa. Brosha ni mahali pa kuanzia, si msahafu.

Hapa ndipo Nairobi inachezwa

Hii ndio sehemu kubwa zaidi, kwa hivyo tulia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mombasa presha ya hewa ni kama milibari 1,010, hapa ni kama 820. Injini isiyo na turbo inavuta hewa nyepesi, kwa hivyo inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu yake. Hio Vitz yako haikuroga. Inapumua kwa shida tu.

Ili daino za miji tofauti zilinganishwe, kuna fomula za kusahihisha hali ya hewa. Utaona zimeandikwa SAE ama DIN kwa kona ya karatasi. Zinauliza: hii gari ingetoa ngapi kama hewa ingekuwa ya karibu na bahari? Nairobi, jibu ni kuzidisha na kama 1.25. Injini ya kawaida ikitoa farasi 80 kwa rola, karatasi itaandika 100. Si uongo, ila hio ni gari yako ikiwa Nyali, si ikiwa Ngong Road.

Sasa leta turbo. Turbo inasukuma hewa ndani mpaka kompyuta ya gari iseme imetosha. Hapa juu inazunguka kwa kasi zaidi kujaza pengo, kwa hivyo haipotezi nguvu kama ile injini ingine. Lakini fomula haijui hivyo. Inazidisha tu. Mwinuko unahesabiwa mara mbili: turbo imeshalipa deni, na fomula inalipa tena.

Angalia vile inaenda. Forester XT ya lita 2 ya kizazi cha SH iliandikwa PS 230, yaani farasi 227. Tuseme iko kawaida kabisa, haijaguswa, na rola inasoma 170. Zidisha 1.25, imekuwa 212. Halafu daino inasema asilimia 20 ya nguvu ya injini inapotea njiani, inairudisha, na sasa karatasi inasema 265. Farasi 95 zimezaliwa kwa kompyuta, na hakuna mtu amefungua boneti. Ukiambiwa hio ni "stage 1", umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Vitu vidogo vyenye vinasukuma namba

Sensa ya joto ya daino ikiwekwa karibu na ekzosi badala ya kwa hewa ya chumba, fomula inadhani siku ni moto kuliko ilivyo na inaongeza farasi za bure. Kutoka digrii 25 hadi 60 inaweza kuongeza karibu asilimia 6.

Tairi ikiteleza kwa rola, grafu inakuwa na meno ama mruko wa ghafla. Kilele chenye kimesimama peke yake kama mnara si nguvu, ni mtelezo. Gari ya otomatiki nayo inaweza kuangusha gia katikati ya mvuto, ama konveta ikazidisha toki mwanzoni, na ukaona mlima mahali hakuna. Laini ya injini yenye afya inapanda na kushuka pole pole.

Kuna pia upande wa pili, namba kuwa chini isivyo haki: mikanda imekazwa kupita kiasi, upepo wa tairi uko chini, feni ni dhaifu, ama gari imevutwa mara tano mfululizo mpaka imechemka. Na usisahau mafuta. Subaru za turbo za soko la Japani ziliundwa kunywa petroli ya oktani ya juu kuliko super ya kawaida hapa. Kompyuta ikisikia injini inagonga, inarudisha nguvu nyuma.

Uliza haya kabla utoe pesa

1. Nionyeshe namba bila kusahihishwa. Fundi wa ukweli anaitoa kwa dakika moja. Akianza kuzunguka, ushajibiwa.
2. Umetumia fomula gani, na umezidisha na ngapi? Turbo yenye imezidishwa na 1.25, usiilinganishe na brosha.
3. Hizi ni za magurudumu ama za injini? Kama ni za injini, hasara umeipata aje?
4. Niko na mivuto mitatu? Ikifanana kwa asilimia moja ama mbili, sawa. Ikipishana kwa farasi 20, hakuna kipimo hapo.
5. Ya kabla iko wapi? Daino moja, gia moja, siku moja, fomula moja. Hio tofauti ya kabla na baada ndio kitu unanunua.

Hio ya tano ndio muhimu kuliko zote. Farasi 190 zenye zimekuwa 225 kwa rola hizo hizo ni kazi nzuri, hata kama jirani anaringa na 340 ya daino ingine.

Na kwa nini usichukulie poa

Pesa ni nusu ya hii story. Nusu ingine ni injini. Ukimwambia fundi "nataka 300" badala ya "nataka gari isafiri Mombasa na irudi", ataitafuta hio 300. Ataongeza presha ya turbo, atasogeza moto wa plagi mbele, atapunguza mafuta, mpaka skrini ifurahi. Kwa rola ni sekunde 10 na feni mbele. Kwa mlima wa kutoka Mai Mahiu, na jua, na abiria wanne, ni dakika nyingi. Injini inaanza kugonga, pistoni inapasuka, na unaanza kutafuta injini ingine Kirinyaga Road na pesa huna.

Kwa hivyo wakikupa karatasi, angalia pia mstari wa mafuta na hewa, na mstari wa presha ya turbo. Kama hio mistari haiko na kuna namba moja tu kubwa kwa wino mwekundu, kumbuka wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.