Mtoto asiye na wa kumwambia

Tangu Sheria ya Elimu ifanyiwe marekebisho mwaka 2016, mwanamume anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari nchini Tanzania anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 jela. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 wameshawahi kupata ujauzito. Si wote waliokuwa shuleni, na kiwango kimeshuka kidogo kikilinganishwa na miaka saba iliyotangulia. Lakini zaidi ya msichana mmoja katika kila watano bado ni wengi mno.

Hakimu hukutana na msichana huyu mambo yakiwa yameshaharibika. Kabla ya hapo alikuwa na mzazi na alikuwa na mwalimu. Walikuwa wapi?

Mara nyingi walikuwa mbali, kwa maana ya kilomita. Sekondari za kata zilizojengwa kwa kasi kuanzia mwaka 2006 ziliwafungulia mlango watoto wengi wa vijijini, lakini kata ni kubwa na hosteli ni chache. Mzazi anayeona mwanawe hawezi kwenda na kurudi kila siku humpangishia chumba jirani na shule. Wanafunzi wanakiita geto: godoro moja kwa wawili au watatu, jiko la mkaa, ndoo ya maji na unga wa kula hadi mzazi atakapokuja tena. Unga ukiisha kabla ya siku hiyo, mtu mzima aliye karibu ni mwenye duka anayekopesha, au kijana wa bodaboda anayetoa lifti bure asubuhi. Chipsi mayai za leo zinadaiwa kesho, na msichana wa kidato cha pili hana cha kulipia.

Kwa wavulana hadithi ni hiyohiyo, mitego ndiyo inayobadilika. Hela ya matumizi iliyotumwa kwa simu inaishia kwenye mkeka wa kubeti, bangi inaingia chumbani na mwenzao mmoja, na asubuhi hakuna wa kuuliza kwa nini hawajaamka.

Ingekuwa rahisi kuulaumu umbali peke yake. Lakini wapo watoto wanaolala chumba cha pili kutoka kwa baba na mama, na wazazi hao hawajui lolote. Mwaka 2000 watafiti wawili nchini Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti uliochunguza mzazi hupataje kujua nyendo za kijana wake. Kuhoji na kuweka masharti kulichangia kidogo. Sehemu kubwa ya yale wazazi waliyoyajua ilitoka kwa watoto wenyewe, waliosema kwa hiari. Mzazi anayejua ni mzazi anayeambiwa.

Nani basi huambiwa? Katika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Miongoni mwa waliotajwa ni ndugu wa familia na walimu, watu walewale tunaotarajia mtoto awakimbilie. Aliyechapwa siku aliposema ukweli, safari ijayo atanyamaza.

Shuleni, kanuni zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Nje ya kanuni kuna mwalimu wa zamu anayewasubiri wachelewaji kwa fimbo. Mwanafunzi aliyetembea tangu alfajiri anajua kinachomngoja, na siku nyingine anaamua kuishia njiani. Hapo ndipo utoro unapoanza, na saa ambazo kijana hayupo nyumbani wala shuleni ndizo saa za pombe, kamari na mapenzi ya siri.

Habari njema ni kwamba hali hii inabadilika ikishughulikiwa. Mwanasaikolojia Mabula Nkuba na wenzake waliwapa walimu wa baadhi ya sekondari za umma nchini mafunzo ya siku chache kuhusu kumrekebisha mwanafunzi bila kumpiga, kisha wakawalinganisha na shule ambazo hazikupata mafunzo hayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha ukatili wa walimu umepungua. Nchini Iceland, wazazi wenye watoto katika shule moja walikubaliana kwa maandishi kuhusu saa ya watoto kurudi nyumbani, na halmashauri zikagharimia michezo na muziki. Mwaka 1998 asilimia 42 ya wanafunzi wa miaka 15 na 16 walisema walilewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia 2016 ilikuwa asilimia 5.

Tusijidanganye kwamba upendo unatosha. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1997, uliohusisha vijana zaidi ya 12,000, ulikuta kwamba kujiona karibu na wazazi na shule kulimkinga kijana dhidi ya karibu kila hatari iliyopimwa, kuanzia bangi hadi mawazo ya kujiua. Mimba ndiyo haikuguswa na kinga hiyo. Kwa msichana wa geto, maneno mazuri ya mama lazima yafuatane na unga, nauli na kitanda cha hosteli.

Kwa hiyo mzazi, kama umempangishia mwanao chumba, mtafute mama mmoja wa mtaa ule umkabidhi mtoto kwa jina. Chukua namba ya mwalimu wa darasa, umpigie kabla hajakupigia yeye. Mwalimu, mchelewaji muulize ametoka wapi kabla ya kumwadhibu. Bodi za shule, kikao kijacho kisiishie kwenye michango ya madawati; hesabuni wanafunzi wanaolala mageto na muamue nani atawatembelea jioni. Na siku mtoto atakapokuja na neno baya, msikilize hadi mwisho kabla hujapandisha sauti, maana ukimkatisha hapo, la pili atalipeleka kwa mwingine.