Simu Yako ni Mashini: Ikague Kama Vyombo vya Kazi

Ndugu mfanya kazi, na wewe mama unayelinda nyumba wakati yeye yuko mgodini,

Kila siku kabla ya kuanza kazi unakagua vyombo vyako. Unatazama taa, kofia, kamba na viatu. Chombo kilichoharibika hushuki nacho, unakirudisha stoo. Lakini kiko chombo kimoja ambacho wengi wetu hatukikagui hata mara moja kwa mwaka, nacho kinalala karibu na kichwa chako, chini ya mto. Chombo hicho ni simu. Leo ukurasa wetu unaomba jambo moja tu: kanuni unazozifuata mgodini, zifuate pia kwa simu yako na kwa laptopu.

JIWE LILILORUDI NYUMBANI

Watu wa Masisi na Walikale wanajua simu inatoka wapi. Koltani ya vilima vya Rubaya inatoa tantali. Viwandani tantali hiyo inafanywa vifaa vidogo kama punje ya mtama, ambavyo vinaweka umeme kidogo na kuutoa panapohitajika. Kasiteriti ya Bisie, katika msitu wa Walikale, inayeyushwa ikawa bati. Bati ndiyo lehemu inayoshika vifaa vyote juu ya kibao cha simu na cha laptopu. Mwaka wa 2024 mgodi wa Bisie peke yake ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Na ndani ya betri nyingi kuna kobalti, ambayo sehemu kubwa inatoka Lualaba na Katanga ya Juu katika nchi yetu.

Basi simu ni jasho lenu lililozunguka dunia na kurudi, tena limerudi kwa bei kubwa. Ni haki yako kuuliza: je, chombo hiki kimetengenezwa vizuri?

WATUMIAJI WANALALAMIKIA NINI?

Keti jioni mahali watu wanapochajia simu, utasikia maneno yale yale. Zamani ulifungua kifuniko kwa ukucha, ukatoa betri, ukatia nyingine. Simu nyingi za leo zimefungwa kwa gundi. Kioo ni chembamba, kinapasuka ikianguka mara moja. Betri ikichoka, bei ya kuitengeneza inakaribia bei ya simu nyingine.

Malalamiko hayo si ya Kivu tu. Katika Umoja wa Ulaya sheria imeanza kutumika tangu tarehe 20 Juni 2025: mtengenezaji wa simu lazima aweke vipuri tayari kwa miaka 7 baada ya aina ile ya simu kuacha kuuzwa. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi, iliyoanza kuuza simu mwaka wa 2013, inatengeneza simu ambazo mwenyewe anaweza kubadilisha betri yake.

Kwa hiyo ukienda kununua, usitazame rangi na kamera tu. Uliza kwanza: betri yake inapatikana? Fundi wa hapa anaweza kuifungua? Simu ya kawaida inayotengenezeka inafaa kuliko simu ya fahari isiyo na vipuri.

BETRI ILIYOVIMBA NI HATARI

Betri ya simu inabeba nguvu nyingi katika nafasi ndogo. Ikipigwa, ikichomwa na kitu chenye ncha, ikipata joto kubwa au ikichajiwa na chaja mbaya, inaweza kuharibika ndani, ikajaa gesi na kuvimba. Mwisho inaweza kuwaka ghafula. Usifikiri ni mambo ya simu za bei ndogo tu. Mwaka wa 2016 kampuni ya Samsung iliita irudishwe simu yake ya Galaxy Note 7, karibu milioni mbili na nusu, kwa sababu ya betri zilizokuwa zikiwaka.

Shika kanuni hizi:

1. Usichaji simu chini ya mto, juu ya godoro wala ndani ya blanketi. Usiku wa Masisi ni wa baridi, lakini simu haihitaji blanketi. Iweke juu ya kitu kigumu kisichowaka.

2. Laptopu usiiweke kitandani ikiwa inafanya kazi. Matundu yake yakizibwa, joto halitoki.

3. Usiunganishe betri ya simu moja kwa moja na paneli ya jua wala na betri ya gari. Tumia chaja inayofaa, yenye waya usiochubuka.

4. Simu iliyolowa mvua usiitie kwenye chaja. Izime, ifute, iache ikauke vizuri mahali penye hewa.

5. Mgongo wa simu ukiinuka, au kioo kikianza kusukumwa, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiibonyeze wala usiitoboe kutoa hewa.

6. Betri mbovu si mchezo wa mtoto. Usiitupe jikoni kwenye moto wala kwenye shimo la takataka. Itie katika kopo lenye mchanga mkavu, usifunge kopo kwa nguvu, liweke nje mbali na nyumba, kisha mpe habari mkubwa wa usalama.

Na moto ukiwaka? Toa watoto kwanza, kwa maana moshi wake ni sumu. Kata umeme wa chaja kama unaweza bila kuungua. Kisha mwagia simu maji mengi ili ipoe. Usiishike kwa mkono hata kama moto umezimika, kwa sababu inaweza kuwaka tena.

FUNDI NAYE NI MFANYA KAZI

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Peleka simu kwa fundi mapema, lakini chagua fundi. Anayefungua betri kwa kisu ni sawa na mchimbaji anayeingia shimoni bila mbao za kushikiza udongo. Mwambie akuonyeshe betri anayoweka, na uione kwamba haijavimba wala kukunjwa.

Na wewe kijana uliyejifunza kulehemu, jali kifua chako. Usivute moshi wa lehemu, fungua dirisha. Lehemu nyingine ina risasi, na risasi ni sumu. Osha mikono kabla ya kula, na usitengenezee simu juu ya meza ya chakula.

LINDA MSHAHARA WAKO

Tangu benki za Goma zilipofunga milango mwezi wa Januari 2025, watu wengi wametegemea pesa ya simu. Basi anayeiba simu anatafuta pia mshahara. Weka namba ya siri kwenye simu, na nyingine kwenye kadi ya SIM, ili mwizi asiweze kuihamisha katika simu yake. Usitumie mwaka uliozaliwa. Ukimpelekea fundi simu, toa SIM. Namba ya siri ya pesa usimpe mtu yeyote, hata akijiita mkubwa wa kampuni ya simu.

Piga *#06# utaona namba ya simu yako yenye tarakimu 15. Iandike katika daftari. Andika pia namba za jamaa. Mwezi wa Machi 2025, vita vilipokaribia, kazi ya Bisie ilisimama na wafanya kazi wakaondolewa. Siku kama hiyo, simu ikizimika, daftari ndilo litakalokufikisha kwa watu wako.

USIENDE NAYO KWENYE BARUTI

Neno la mwisho, nalo ni kubwa. Simu inatoa mawimbi, na mawimbi yanaweza kulipua detoneta za umeme. Mahali pa baruti usiende na simu, hata kama umeizima. Iache panapoagizwa. Na ukiwa karibu na mashini au magari, macho yako yawe kazini, siyo kwenye kioo.

Jioni hii, kabla ya kulala, chukua simu yako na kuitazama mgongo, kioo, waya na chaja. Kagua ya mke wako na ya watoto pia. Ni kazi ya dakika tano. Nyumba iliyoungua haijengwi kwa dakika tano.