Ngozi ya mtoto na maswali kumi

Ugonjwa gani wa ngozi humtesa mtoto zaidi? Wengi wangetaja pumu ya ngozi, ile inayowasha miaka nenda rudi. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995 na jarida la British Journal of Dermatology, upele ndio uliopata wastani wa juu katika dodoso la kupima jinsi ngozi inavyoathiri maisha ya mtoto: alama 9.5 kati ya 30. Pumu ya ngozi ilipata 7.7, soriasisi 5.4. Upele, ambao familia nzima ikipaka dawa sawasawa huisha, ulikuwa ukiwasumbua watoto kuliko magonjwa sugu.

Waandishi walikuwa wawili: Sue Lewis-Jones, daktari bingwa wa ngozi, na Andrew Finlay wa Cardiff, Wales, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa na Gul Karim Khan dodoso la kupima jinsi ngozi inavyoathiri maisha ya mtu mzima. Kwa watoto hawakupunguza tu maneno ya dodoso lile. Watoto 169 wa miaka 3 hadi 16 waliofika kliniki ya ngozi waliombwa, wakisaidiwa na wazazi, waandike kila namna ugonjwa unavyowaharibia maisha. Yakapatikana mambo 111, na kumi kati yake yakafanywa maswali.

Ukiyasoma maswali hayo unaiona siku nzima ya mtoto. Wiki iliyopita ngozi ilimwasha au kumuuma? Alijisikia aibu au huzuni? Ilimbidi avae nguo au viatu tofauti? Aliacha kuogelea, kucheza, kutoka na wenzake? Masomo yaliharibika? Kuna waliomtania, kumpa majina au kumkwepa? Alilala? Hata dawa ina swali lake, na mtoto anayepakwa mafuta mazito kila asubuhi, kisha akaenda shule shati limemgandia mgongoni, anajua kwa nini. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3.

Kuanzia hapo, orodha ya machapisho ya Lewis-Jones inasomeka kama swali moja lililokataa kuachwa. Mtoto asiyejua kusema je? Mwaka 2001 likatoka dodoso la watoto wachanga wenye pumu ya ngozi, linalojazwa na mzazi. Anayechoshwa na karatasi yenye maneno matupu? Mwaka 2003 maswali yaleyale kumi yakatolewa na katuni za rangi, na watoto wakayajibu upesi zaidi na kuyapenda kuliko ya awali.

Makala ya mwaka 2006, ambayo Lewis-Jones aliiandika na Paula Beattie, iligusa dharau ya kuyaona magonjwa ya ngozi kuwa madogo. Waliwalinganisha watoto 379 wenye magonjwa ya ngozi na 161 wenye maradhi mengine sugu. Kwa maelezo ya wazazi, mtindio wa ubongo uliathiri maisha zaidi, kwa asilimia 38. Pumu ya ngozi iliyoenea mwilini ilifuata kwa asilimia 33, sawa na magonjwa ya figo. Kisukari kilikuwa na 19. Hakuna anayesema pumu ya ngozi ni hatari kwa uhai kuliko kisukari. Ila kumwambia mama aliyekesha na mtoto anayejikuna hadi damu kwamba "ni ngozi tu, akikua itaisha" ni kumjibu swali ambalo hakuuliza.

Mwaka 2007 mwongozo wa taifa wa Uingereza kuhusu pumu ya ngozi kwa watoto, ambao Lewis-Jones alishiriki kuuandaa, ulimtaka mhudumu apime ukali wa ugonjwa pamoja na usingizi, shughuli za kila siku na hali ya akili ya mtoto. Ukatahadharisha kwamba ukali wa ugonjwa na athari zake maishani si lazima viende sambamba: doa dogo shavuni linaweza kumkosesha mtu raha kuliko ukurutu uliojaa mapajani, chini ya nguo.

Hili linatuhusu. Kituo cha mafunzo ya tiba ya ngozi kilichofunguliwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, mwaka 1992 kimewafundisha matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Wanaowapokea ni watoto wenye mapunye wanaochekwa mstarini, wenye upele wanaohamishwa dawati, wenye ualbino wanaotazamwa njia nzima. Dawa inatibu mapunye. Kicheko cha wenzao kinahitaji mtu mzima aliyekwishaambiwa kwamba kipo.

Maswali kumi hujazwa kwa dakika chache, hata kwenye benchi la kusubiri. Na mzazi asiye na karatasi hiyo anaweza kuingia kwa daktari akiwa na majibu ya maswali mawili: mtoto amekosa usingizi usiku ngapi wiki hii, na ameacha kufanya nini alichokuwa akikipenda. La pili amwachie mtoto alijibu mwenyewe.