Pombe na Dawa za Kulevya Kazini: Anayeumia Si Mnywaji Peke Yake

Mama anafika zahanati saa mbili asubuhi akiwa na mtoto mwenye homa. Muuguzi yupo, lakini dirisha la dawa limefungwa. Anaambiwa angoje. Asichoambiwa ni kwamba mhudumu wa dawa amekosa kufika kazini Jumatatu ya tatu mfululizo, na wenzake wameshazoea kusema "ametoka kidogo".

Hivyo ndivyo ulevi wa mfanyakazi unavyomfikia mwananchi. Mara nyingi hauonekani kama ulevi. Huonekana kama foleni ndefu, faili iliyopotea, au risiti yenye hesabu isiyolingana.

Wengi hudhani tatizo liko kwa yule anayepepesuka pekee. Ukweli ni kwamba mwili huhitaji takriban saa mbili kuondoa pombe iliyo katika chupa moja ya bia ya nusu lita. Aliyeanza kunywa saa moja jioni na kumaliza chupa nane anaweza kuwa bado na pombe mwilini saa tano asubuhi. Kahawa, supu na maji baridi havifupishi muda huo, na "kutoa loki" huurefusha tu. Kwa karani, matokeo yake huenda yakawa makosa ya kuandika. Kwa dereva wa ambulensi au fundi aliyepanda nguzo ya umeme, ni suala la uhai. Miraa na muguka nazo humnyima mtu usingizi, akafika zamu ya asubuhi akiwa macho mekundu na hasira za haraka. Bangi hupunguza umakini na wepesi wa kuchukua hatua.

Wanaobeba mzigo kwanza ni wafanyakazi wenzake. Humwekea sahihi, humfanyia zamu na kumtetea kwa msimamizi. Nia ni njema, lakini kumfichia huku ndiko humfikisha pabaya, kwa sababu siri ikifichuka, huwa ni kupitia ajali au pesa zilizopotea, na wakati huo nafasi ya kumsaidia imekuwa finyu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iko wazi. Kifungu cha 44 kinahesabu ulevi unaomfanya mtu ashindwe kutekeleza kazi yake, wakati wa saa za kazi, kuwa kosa kubwa linaloweza kumfanya afutwe bila notisi. Hata hivyo, mwajiri hawezi kumfukuza mtu langoni kwa sababu ananuka pombe. Kifungu cha 41 kinamtaka amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi.

Uraibu ni ugonjwa unaotibika, na ni afadhali utajwe mapema na mhusika mwenyewe. Baada ya miezi miwili mfululizo kazini, mfanyakazi mwenye cheti cha daktari ana haki ya likizo ya ugonjwa: angalau siku 7 kwa malipo kamili na nyingine 7 kwa nusu malipo kila mwaka. Matibabu ya kuacha pombe huenda yakahitaji muda zaidi, na hapo ndipo mazungumzo na ofisi ya wafanyakazi yanapohitajika. Aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Kutetemeka na kifafa kinachoweza kufuata ni hatari. Aonane na daktari kwanza.

Mamlaka ya kitaifa ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, NACADA, hutoa ushauri bila malipo kupitia nambari 1192. Si lazima anayepiga awe ndiye mwenye tatizo. Mke, mume, mzazi, au yule mwenzake wa ofisini ambaye amechoka kusema "ametoka kidogo" anaweza kupiga pia.