Kikuza mawimbi ndani ya gari: Kinaweza kufanya nini, na nini hakiwezi

WASAFIRI wanaozunguka Marekani kwa magari ya malazi, yaani yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo ndani, hukumbana na tatizo moja punde tu wanapoiacha barabara kuu: simu inakosa mtandao. Tatizo hilo huwapata pia madereva wa malori ya masafa marefu, kazi ambayo Wakenya kadhaa waliohamia huko wanaifanya. Wengi wao hukimbilia kununua kikuza mawimbi kwa mamia ya dola, wakitarajia muujiza. Baadhi hufurahia matokeo. Wengine hurudi dukani wakilalama kwamba wameuziwa sanduku tupu.

Aghalabu sanduku si tupu. Ni kwamba mnunuzi hakuelezwa kazi yake.

Kifaa hiki kina sehemu tatu. Kuna antena inayowekwa juu ya paa la gari ili kunasa mawimbi kutoka kwenye mnara, amplifaya inayoyapa nguvu, na antena ndogo ya ndani inayoyarusha upya hadi kwenye simu. Unapozungumza, safari hugeuka: sauti yako hutoka kwenye simu, hupitia amplifaya, kisha hurushwa mnarani na ile antena ya paani. Safari hii ya pili ndiyo watu wengi huisahau, ilhali mara nyingi ndiyo yenye manufaa zaidi. Simu ya kawaida hurusha mawimbi kwa nguvu ya takriban moja ya tano ya wati, nayo ikiwa ndani ya gari lenye bodi ya bati, sehemu ya nguvu hiyo hupotelea humo humo. Kikuza mawimbi kinaruhusiwa kurusha hadi wati moja, tena kutoka paani.

Nguvu ya kukuza hupimwa kwa desibeli. Kila desibeli 10 ni sawa na kuzidisha mara kumi. Nchini Marekani, kikuza cha kutumiwa ndani ya gari linalotembea hakiruhusiwi kuzidi desibeli 50, yaani kuzidisha mara 100,000. Msomaji asihadaike na ukubwa wa takwimu hiyo. Mawimbi yanayofika kwenye simu ni hafifu mno, na sehemu ya ukuzaji huo huliwa na waya na hewa iliyo kati ya antena ya ndani na simu. Ndiyo maana mahali penye mawimbi dhaifu, simu hulazimika kuwekwa karibu kabisa na antena ya ndani, pengine umbali wa mkono mmoja tu. Anayetarajia kukaa kitandani nyuma ya gari huku antena iko mbele karibu na usukani atasubiri sana.

Jambo la msingi ni kwamba kifaa hiki hakiumbi mawimbi. Sifuri mara 100,000 ni sifuri. Katika sehemu kubwa ya Death Valley, bonde la jangwa lililoko California, hakuna mnara unaofika, na hakuna kikuza kitakachousaidia ukavu huo. Kinakofaa ni pale ambapo simu inashika na kuachia, au inashika ukitoka nje ya gari na kupotea ukiingia ndani.

Vile vistari vinavyoonyeshwa juu ya kioo cha simu si kipimo cha kutegemewa, kwani kila mtengenezaji huvipanga apendavyo. Ni bora kutafuta namba yenyewe. Katika simu nyingi za Android namba hiyo hupatikana kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza hali ya laini. Huandikwa kwa alama ya kutoa: 110 ni mawimbi mabovu, 90 ni afadhali. Mwenye gari asome namba hiyo kifaa kikiwa kimezimwa, akiwashe, asome tena. Asipoona tofauti, kosa aghalabu liko kwenye ufungaji.

Kosa kubwa la ufungaji linafahamika na kila aliyewahi kuhudhuria mkutano wa hadhara. Kipaza sauti kinaposogezwa karibu na spika, hulia kwa mlio wa kutoboa masikio, kwa kuwa kinaisikia sauti yake chenyewe na kuikuza tena na tena. Antena ya paani nayo ikiisikia ile ya ndani, mambo huwa yale yale, ila mlio huu hausikiki kwa sikio. Husikika mnarani, na huweza kuwaharibia mawasiliano watu wengine wote wa eneo hilo. Vifaa vya sasa hulitambua jambo hilo na kujipunguza nguvu au kujizima. Mwenye gari hubaki akishangaa mbona mtambo wake wa bei ghali haufanyi lolote. Dawa ni kuzitenganisha antena kadiri inavyowezekana. Paa la bati husaidia kuzikinga. Paa la plastiki ngumu halikingi chochote, na huenda likahitaji kipande cha bati kiwekwe chini ya antena ya juu.

Kelele hizo za mnarani ndizo zilizoifanya Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, kupitisha kanuni mpya mwaka 2013. Tangu Machi 1, 2014, vikuza vinavyouzwa huko kwa watu wa kawaida ni sharti vitimize masharti ya kulinda mitandao. Mnunuzi naye anapaswa kukisajili kifaa chake kwa kampuni ya simu anayoitumia, na kukizima mara moja akiagizwa na tume au na kampuni.

Kanuni hizo pia zinataka kifaa kibandikwe onyo ambalo, kwa maoni ya mwandishi huyu, lilifaa kuandikwa kwa wino mwekundu: ukipiga 911, namba ya dharura ya huko, kupitia kikuza mawimbi, huenda wahudumu wasipate mahali ulipo, au wakapata mahali pasipo sahihi. Mgonjwa wa moyo aliye porini hana muda wa kutafutwa. Kwa hivyo anayepiga simu ataje kwa kinywa chake jina la barabara na namba ya bango la maili lililo karibu, kabla ya kueleza jambo lingine lolote.

Yapo mengine ambayo kikuza hakitibu. Kila Januari, maelfu ya magari ya malazi hukusanyika jangwani Quartzsite, jimbo la Arizona. Hapo mnara upo na mawimbi yapo, ila watumiaji wamefurika, na kuyakuza mawimbi hakuongezi nafasi mnarani. Aidha, simu za kisasa hupokea data kwa antena kadhaa kwa pamoja, ilhali vikuza vingi hupitisha mkondo mmoja tu. Palipo na mawimbi mazuri tayari, kukiwasha kunaweza kuipunguza kasi ya intaneti badala ya kuiongeza. Anayetaka data zaidi kuliko sauti huenda akafaidika na ruta yenye antena zake paani, au huduma ya setilaiti ya Starlink, ambayo ilianza kuuzwa kwa wenye magari haya mwaka 2022.

Na je, jamaa aliye Marekani akikuletea kifaa chake cha zamani? Usikiwashe. Vifaa vya huko vimeundwa kwa masafa kama megahazi 700, 850 na 1900, ilhali mitandao ya Kenya hutumia 800, 900, 1800 na 2100. Masafa mengine yanaingiliana nusu nusu tu, hali inayoweza kuvuruga minara badala ya kukusaidia. Isitoshe, sheria ya mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998 inadai leseni kwa vyombo vinavyorusha mawimbi ya redio, na wa kuulizwa ni Mamlaka ya Mawasiliano, kabla ya kifaa kuchomekwa kwenye umeme.