Kununua Kamera kwa Mtu wa Delta ya Rufiji

Mpiga picha wa Mbwera au wa Msala, huko delta ya mto Rufiji, akiazimu kununua kamera ya kazi, ya kupigia picha za harusi, maulidi na mahafali ya shule, hujikuta baina ya njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani: kupanda mashua hadi Nyamisati, kushika gari mpaka Kibiti, kutoka hapo kwenda Dar es Salaam, mwendo upatao kilomita 140, na hatimaye kuingia duka la Kariakoo au la katikati ya mji, ambako kamera hushikwa mkononi na bei huzungumzwa uso kwa uso. Ya pili haimtaki kuondoka barazani kwake: hufungua simu, akaiona kamera ileile katika kurasa za wauzaji wa Instagram na katika programu za ng'ambo kwa bei ya chini, pengine chini sana, akatuma fedha kwa M-Pesa na kungoja mzigo uletwe na basi. Wengi siku hizi huisifu njia ya pili, na sababu yao ni dhahiri. Lakini kwa mtu wa delta hasa, kuliko mtu wa mjini, naona bei ile ya chini aghalabu huficha gharama ambazo atakuja kuzilipa baadaye peke yake.

Biashara ya picha katika pwani yetu ilizaliwa madukani. Katika karne ya kumi na tisa mpiga picha A. C. Gomes alikuwa na stidio yake mjini Unguja, na mwaka 1930 Ranchhod Oza akafungua Capital Art Studio katika mji uleule. Katika maduka ya namna hiyo mtu mmoja aliweza kuwa mpiga picha, mwuza kamera, fundi na mwalimu kwa pamoja, wala haikuwa kwa ukarimu mtupu, kwa sababu kamera ya filamu ilikuwa haiwezi kuishi bila ya duka. Mkanda wa picha 36 ulipokwisha, sharti urudishwe ukasafishwe gizani kwa dawa, picha zichapwe juu ya karatasi, na mkanda mpya ununuliwe. Kwa hiyo mwenye duka aliweza kuiuza kamera kwa faida ndogo, maadam alijua ya kwamba mnunuzi wake atarejea mara kwa mara. Faida ya filamu, karatasi na dawa ndiyo iliyomlipa wasaa alioutumia kumwonyesha mgeni jinsi ya kupima nuru. Kamera ya dijitali ilipoyakata marejeo yale, duka lilibaki na kazi ya kufundisha bila ya ujira wa kazi hiyo. Na pigo la maduka lilianzia hapo, kabla mtandao haujatia mkono wake.

Simu zikaongeza pigo la pili. Mwaka 2010 viwanda vikubwa vya kamera, ambavyo vingi ni vya Japani, vilitoa kamera za dijitali zipatazo milioni 121. Mwaka 2021 zilikuwa milioni 8 na ushei. Kampuni ya Kodak iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, na mwaka mmoja baadaye, Januari 2013, kampuni ya Jessops ya Uingereza, iliyoanzia mjini Leicester mwaka 1935, ilifunga maduka yake yote 187 ya kamera kwa mkupuo. Wanunuzi wa huko walikuwa na desturi ambayo imekwisha kufika Kariakoo: mtu huingia dukani, akamshughulisha mwenyeji kwa maswali, akaijaribu kamera mkononi, akaandika jina na namba ya aina yake, kisha akatoka kwenda kuinunua mtandaoni. Mtu huyo, kwa maoni yangu, ametwaa kitu cha mwenziwe bila ya kukilipia.

Hata hivyo yafaa tujue urahisi wa mtandaoni hutoka wapi, kwa kuwa si wote wenye asili mbaya. Mwuzaji asiye na duka halipi kodi ya pango ya Kariakoo, wala mishahara ya vijana, wala hafungi rasilimali yake katika kamera zilizokaa kabatini zikingoja mwenyewe. Yeye huonyesha picha kwanza, akapokea fedha, ndipo akaifuata bidhaa. Punguzo la namna hii ni la halali. Liko jingine litokalo kwenye kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, pamoja na ushuru wa forodha. Duka litoalo risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, haliwezi kuvikwepa, ilhali mzigo uliokuja mkobani kutoka Dubai huvipita pembeni. Na liko punguzo ambalo mnunuzi halioni hata kidogo, nalo ni la kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine, ambayo dhamana yake ya kiwanda hukoma penye mipaka ya soko lile. Ikiharibika, wakala wa hapa aweza kuikataa.

Sasa tuje kwenye delta yenyewe. Hewa ya mikoko ni nzito kwa unyevu na chumvi, na vyombo vilivyotengenezwa kwa nchi za baridi vimepata taabu humo tangu zamani. Waingereza walipoiandama manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika mikono ya Rufiji tangu mwaka 1914 hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915, walileta ndege za Sopwith zenye kuelea majini, nazo zikashindwa kazi, kwani joto na unyevu viliachisha gundi iliyoshika mbao zake. Kamera ya leo ina adui mwingine, ukungu, ambao wapiga picha wenyewe huuita fangasi. Huota ndani ya lenzi, baina ya kioo na kioo, ukaeneza nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui, na ukikaa sana hula dawa iliyopakwa juu ya kioo, hata ukisafishwa huacha kovu. Picha iliyopigwa kwa lenzi hiyo hufifia na kuwa na weupe usio na sababu, hasa jua linapokuwa mbele ya mpigaji. Na kamera nyingi ziuzwazo kwa bei ya kutamanisha ni za mtumba, ambazo hakuna ajuaye zililala wapi kabla ya kuja kwetu.

Nilipata kumwona kijana mmoja wa Kiongoroni katika duka la kamera Kariakoo, mwenye fedha za msimu wa kamba mfukoni, ameitamani lenzi ya mtumba iliyong'aa kwa nje. Mwenye duka, mzee mwenye mvi, hakuanza kwa maneno; aliipanua lenzi nafasi yake yote ya kupitishia nuru, akawasha tochi ya simu, akaiweka nyuma yake, na kumtaka kijana achungulie kwa mshazari.

"Unaona nini, mwanangu?"

"Naona kama vumbi, mzee."

"Vumbi halina matawi. Hiyo ni fangasi. Ukiipeleka kwenu, kwa unyevu ule, masika hayataisha kabla haijala kioo. Hii sikuuzii."

Akamtolea nyingine, iliyochakaa kwa nje lakini safi kwa ndani, kwa bei ya juu kidogo, na juu yake akampa vifuko vya chembe za silika vya kunyonyea unyevu, ili avitie katika mkoba wa kamera. Kisha akauunganisha mwili wa kamera aliyoitaka kijana na kompyuta, akasoma idadi ya picha ulizokwisha kupiga. Kwa maana shata, yaani kilango cha nuru ndani ya kamera, hufunguka na kufungika kwa kila picha, na umri wake una mwisho. Canon EOS 5D Mark III, kwa mfano, iliyotoka mwaka 2012, shata yake ilipimwa na kiwanda kwa mipigo 150,000. Picha ya Instagram, hata ikiwa nzuri namna gani, haiwezi kumwambia mnunuzi kamera imebakiza mipigo mingapi.

Tena kuna kurudi. Mtu wa Sinza, palepale Dar es Salaam, aliyeuziwa kamera mbovu hupoteza nauli ya daladala. Mtu wa Maparoni hulazimika kungoja maji yajae, kwa sababu vijito vingi vya delta havipitiki yakipwa, kisha alipe mashua, magari na malazi ya Dar es Salaam, na kwa muda wote huo kazi alizowaahidi watu zinamsubiri. Harusi haiahirishwi kwa ajili ya kamera. Na akifika mjini, atabisha hodi wapi? Ukurasa waweza kubadili jina jioni moja, na hata kampuni kubwa huondoka: Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 yamtaka mwuzaji wa mtandaoni amjulishe mnunuzi jina lake halali na anuani ya mahali alipo, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ipo kwa ajili ya kumlinda mlaji; lakini ni vigumu kumsaidia mlalamikaji ambaye ushahidi wake ni ujumbe wa WhatsApp usio na jina wala risiti.

Wenye maduka nao wasidhani nawapigia debe. Wapo ambao humwona mtu wa shamba amevaa kandambili wakampandishia bei palepale. Wapo wauzao betri na memori kadi za bandia ndani ya pakiti zenye jina kubwa. Wapo ambao wakiombwa risiti huuliza kwanza kama mteja ataka bei ya risiti au bei ya bila risiti. Duka la namna hiyo limeitupa fadhila pekee iliyolitofautisha na ukurasa wa simu, na mtu akilikimbia simlaumu. Fauka ya hayo, mtandao umemletea mtu wa delta manufaa ambayo hakuyapata katika miaka yote ya filamu: anajua bei kabla ya kupanda mashua, anasikiliza mafunzo ya upigaji picha kwa Kiswahili, na hupata kifuniko cha betri cha kamera ya zamani ambacho Kariakoo nzima hakipo. Vitu vidogo vya namna hiyo viagizwe bila ya wasiwasi.

Lakini mwili wa kamera na lenzi ya kwanza vinunuliwe dukani. Na kwa wenye maduka ya Dar es Salaam nina ombi: msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, fedha zinapokuwa mikononi mwa watu, leteni Kibiti kabati moja la kamera na fundi mmoja, hata kwa majuma machache, kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi na Mtwara. Pimeni mashata, safisheni lenzi za watu kwa malipo, ondoeni ukungu kabla haujala kioo. Kazi hiyo delta itawapa kila mwaka, na itawarudishia mnunuzi ambaye filamu ilikuwa ikiwarudishia zamani. Nawe unayejiandaa kununua, ingia dukani na tochi, chungulia lenzi, uliza hesabu ya mipigo, na usitoke bila ya risiti ya EFD yenye namba ya kamera yako.