Ushindi wa Timu na Hesabu ya Mhusika

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri ni hesabu ya ushindi katika michezo ya video inayochezwa kwa timu. Hapa tunakusudia kuieleza dhana hiyo, kisha tupendekeze istilahi zake.

Katika mchezo wa League of Legends, uliotolewa mwaka 2009, timu mbili za wachezaji watano watano hupambana. Kila mchezaji huteua mhusika mmoja na kubaki naye hadi mwisho wa mechi. Timu ikishinda, wahusika wake wote watano huandikiwa ushindi mmoja mmoja. Ikishindwa, wote huandikiwa kushindwa. Baadaye idadi ya mechi alizoshinda mhusika hugawanywa kwa idadi ya mechi alizocheza, na jibu huzidishwa kwa 100. Mhusika aliyeshinda mechi 5,200 kati ya 10,000 ana asilimia 52.

Hesabu hii yafaa ilinganishwe na kipande kilichotumika katika mashamba ya mkonge ya Tanga wakati wa ukoloni. Mzee wa Mazinde, wilayani Korogwe, hahitaji kuelezwa kipande ni nini: kadi ya siku 30 za kazi, ambapo siku iliwekewa alama pale tu mfanyakazi alipomaliza kazi aliyopimiwa. Alama ile ilikuwa ya jasho la mtu mmoja. Alama ya mhusika, kinyume chake, ni ya watu watano iliyoandikwa kwa jina la mmoja.

Kwa hiyo tunapendekeza "asilimia ya ushindi". "Uwezo wa mhusika" haufai, kwa kuwa hudai jambo ambalo hesabu haikulipima. "Kiwango cha ushindani" nacho hakifai: ushindani ni kule kupambana, ushindi ni matokeo yake. Vilevile mfasiri ajihadhari na "mechi zilizoshindwa", maana msomaji hatajua kama mhusika alishinda au alishindwa. Aandike "mechi alizoshinda".

Asilimia iandamane daima na idadi ya mechi. Aliyeshinda 3 kati ya 4 ana asilimia 75, lakini hesabu hiyo haina uzito wa ile ya mechi 10,000. Aidha, katika mchezo kama Overwatch, wa mwaka 2016, mchezaji aweza kubadili mhusika katikati ya mechi. Hapo mfasiri hana budi kuuliza kwanza ushindi umegawiwaje, ndipo aandike.

Jambo hili si la michezo pekee. Ofisi inayoandika ufaulu wa shule nzima kwa jina la mwalimu mmoja, ikampa sifa au lawama, hutumia hesabu ya timu kana kwamba ni kipande. Istilahi sahihi humkumbusha msomaji ni nini hasa kilichohesabiwa.